Solisita, Barista na Wakili wa Mfalme: Vyeo vya Wanasheria wa Uingereza

Katika England na Wales kazi ya uwakili imegawanyika katika matawi makuu mawili, solisita na barista. Solisita ndiye anayempokea mteja ofisini. Humsikiliza, humwandikia barua, humtengenezea wosia na mikataba, hutunza fedha zake katika akaunti ya wateja, na kesi ikifunguliwa yeye ndiye mwenye kuiendesha. Kazi hasa ya barista ni kusimama mbele ya jaji na kutoa maoni ya kitaalamu juu ya masuala magumu ya sheria. Masolisita wenye leseni wanazidi 150,000. Mabarista ni karibu 17,000. Wengi hudhani kwamba barista ni solisita aliyepanda daraja. Sivyo: kila mmoja ana njia yake ya mafunzo, chombo chake cha usimamizi na miiko yake.

Mgawanyo huo huonekana vizuri katika kesi nzito ya jinai. Solisita huenda kituo cha polisi kukaa na mtuhumiwa wakati wa mahojiano, huchukua maelezo ya mashahidi, huyapanga makabrasha, kisha humpelekea barista jalada la maelekezo, ambalo kwa mila hufungwa kwa utepe wa waridi. Barista hujitegemea, lakini hupanga ofisi pamoja na wenzake katika kile kinachoitwa chemba, ambamo karani ndiye anayegawa kazi na kupatana ada. Hana ruhusa ya kushika fedha za mteja. Tena anabanwa na kanuni iitwayo ya foleni ya teksi: kesi ikiwa ya fani yake, naye ana nafasi na ada ni ya haki, haruhusiwi kuikataa kwa sababu tu mteja anachukiwa na watu. Kanuni hii ni miongoni mwa mambo ya thamani kubwa katika mfumo mzima, maana ndiyo inayomhakikishia mtu aliyetengwa na umma kwamba atapata wa kumsemea. Ili afike hapo, barista hujiunga na mojawapo ya vyama vinne vya kale vya London, yaani Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple na Middle Temple, na baada ya mitihani huwa mwanagenzi chini ya barista mzoefu kwa muda wa mwaka mmoja hivi.

Chanzo cha majina haya ni mahakama zenyewe. Kwa karne nyingi England haikuwa na mfumo mmoja wa mahakama, na kila mahakama ilikuwa na watu wake. Katika mahakama za sheria ya kimila zilizoketi Westminster, mwakilishi wa mdaawa aliitwa atoni. Katika Mahakama ya Chansela, iliyoamua kwa misingi ya haki na dhamiri, aliitwa solisita, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuisukuma kesi isilale. Katika mahakama za kanisa na za mambo ya bahari aliitwa prokta. Mtu mmoja aliweza kuwa atoni na solisita kwa pamoja, na ilikuwa kawaida. Lakini jina la atoni liliingia doa. Kufikia karne ya 18 lilikuwa likitajwa kwa dharau, likinasibishwa na ujanja wa kukuza ugomvi ili ada iongezeke. Sheria za mwaka 1873 na 1875 zilipoziunganisha mahakama hizo, kuanzia Novemba 1875 wote watatu walipewa jina moja la solisita. Marekani iliendelea na atoni. Katika England neno hilo limebaki katika cheo cha Mwanasheria Mkuu wa Serikali na katika hati ambayo mtu humpa mwenziwe mamlaka ya kutenda kwa niaba yake.

Upande wa mabarista nao ulikuwa na tabaka lililotoweka. Juu yao walikuwapo masajenti wa sheria, waliotambulikana kwa kofia nyeupe ya kitambaa iliyobana kichwa. Kwa karne nyingi majaji wa mahakama za sheria ya kimila walitoka miongoni mwao tu, na jaji alimwita sajenti "ndugu". Hadi 1846 wao peke yao ndio walioruhusiwa kusikilizwa katika mojawapo ya mahakama kuu za Westminster. Mageuzi ya 1873 yaliondoa sharti kwamba jaji awe sajenti, na cheo kikakosa sababu ya kuwapo.

Nafasi yao ya heshima ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na Wakili wa Mfalme, cheo kilichoanza zama za Malkia Elizabeth I na Francis Bacon. Mwenye cheo hicho huvaa joho la hariri, ndiyo maana kupewa cheo huitwa kuvaa hariri. Jina humfuata aliyeko kwenye kiti cha enzi: Malkia Elizabeth II alipofariki tarehe 8 Septemba 2022, Mawakili wa Malkia wote waligeuka Mawakili wa Mfalme papo hapo, bila kuapishwa upya.

Badiliko zito zaidi la zama hizi lilikuja na sheria ya mwaka 1990 kuhusu mahakama na huduma za kisheria. Kabla yake solisita alisikilizwa katika mahakama za chini, lakini katika mahakama za juu ilimbidi amkodi barista hata kwa hoja nyepesi, na mteja akalipa mara mbili. Tangu 1994 solisita aliyefaulu mtihani wa ziada anaweza kusimama katika mahakama zote. Mwaka 1993 Michael Sachs alikuwa solisita wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na mwaka 1997 masolisita wa kwanza walivaa hariri. Ukuta ulitoboka pia kutoka upande wa pili: tangu 2004 mwananchi anaweza kumwendea barista moja kwa moja katika kesi nyingi. Hata hivyo wengi bado hufuata njia ya zamani, kwa kuwa ustadi wa kumhoji shahidi hauji kwa cheti. Huja kwa mazoea ya kila siku.

Pembeni yao kuna wengine. Watendaji wa sheria, ambao chama chao kilianzishwa 1963, ni warithi wa makarani wakuu wa ofisi za masolisita, na leo baadhi yao huendesha kesi kwa haki yao wenyewe. Sheria ya 1985 iliunda wataalamu wenye leseni ya kuhamisha umiliki wa nyumba na ardhi, kazi iliyokuwa miliki ya masolisita. Notari, anayethibitisha hati za kutumika ng'ambo, huteuliwa hadi leo kupitia ofisi ya Askofu Mkuu wa Canterbury.

Scotland ina mfumo wake. Anayelingana na barista huitwa adivoketi, na chama chao kiko Edinburgh. Katika mji wa Aberdeen, kwa desturi ya kale, hata masolisita wa chama cha huko hutumia jina hilo la adivoketi. Ireland ya Kaskazini hutumia majina ya England.

Afrika Mashariki ilirithi sheria ya Waingereza bila kurithi mgawanyo wa kazi: wakili wa Nairobi au Dar es Salaam ndiye anayefungua jalada, ndiye anayesimama mahakamani. Katika England, kwa desturi, barista humwita barista mwenzake rafiki msomi, lakini akimtaja solisita humwita rafiki tu. Huku kwetu kila wakili ni "wakili msomi". Tanzania ilipounda ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali mwaka 2018, iliipa kwa Kiingereza jina la cheo ambacho London hushikwa na mwanasiasa, msaidizi wa Mwanasheria Mkuu. Hapa ni mtendaji anayesimamia kesi za Serikali.

Kwa mtu mwenye shida, jambo la kuangalia kuliko yote ni ulinzi wa majina. Katika England kujiita solisita au barista bila kuwa hivyo ni kosa la jinai. Lakini neno la jumla la mwanasheria halilindwi: yeyote anaweza kulibandika mlangoni, mradi asifanye kazi zilizohifadhiwa kisheria, kama kuendesha kesi au kuhutubia mahakama. Ushauri wa uhamiaji, unaowahusu wageni wengi, umewekewa ulinzi wake: tangu sheria ya 1999 ni kosa kuutoa kikazi bila kusajiliwa au kuwa chini ya chombo kinachotambuliwa. Madaftari ya masolisita, mabarista na washauri wa uhamiaji yako wazi kwenye intaneti, bure, na jina la mhusika huweza kutafutwa kabla ya kumlipa chochote.