Mbona tuzo ya fasihi humfurahisha muuza vitabu

WASHINDI wa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta wanapotangazwa, wauzaji vitabu wa Malindi na Kilifi wana kila sababu ya kuwashangilia.

Tangu 2018, serikali imekuwa ikisambaza vitabu vya kiada moja kwa moja hadi shule za umma. Biashara iliyokuwa tegemeo la maduka mengi ikapungua. Aidha, tangu 2013 vitabu hutozwa ushuru wa VAT, mzigo unaomwangukia msomaji.

Kilichosalia ni vitabu vya hadithi na mashairi, ambavyo mzazi halazimishwi na mwalimu kununua. Hapo ndipo tuzo hufaa: humwelekeza mteja asiyejua achague kipi.

Wapwani wanaielewa nguvu hiyo. Mwaka wa 1974, tuzo ilipoanzishwa, ilitunukiwa diwani ya ‘Sauti ya Dhiki’ yake Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyeitunga akiwa mfungwa wa serikali ya Kenyatta huyo huyo. Ingali inasomwa.

Hata hivyo, sifa haziuzi kitabu kisichokuwepo rafuni. Wachapishaji wasipozifikisha nakala mwambao mapema, shangwe hufifia na mteja huondoka mikono mitupu.