Beringi za Pikapu: Kazi Inayoamuliwa na Nati

Pikapu ya Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, uliozinduliwa mwaka 1984, imebeba kwa miongo kadhaa kazi nzito za Afrika Mashariki, kuanzia doria za askari wa wanyamapori hadi usambazaji wa chanjo vijijini, na katika kazi hizo zote uzito wa gari na wa mzigo wake huegemea beringi za magurudumu, yaani pete za chuma zenye rola katikati yake zinazoliwezesha gurudumu kuzunguka kwa wepesi. Zikichakaa hubadilishwa, na ni jambo la kawaida. Lisilopaswa kuwa la kawaida ni gari kurudi gereji baada ya miezi michache likiwa na mvumo uleule, kwa kuwa hapo kosa mara nyingi haliko katika beringi iliyonunuliwa bali katika namna ilivyofungwa.

Habu ya mbele, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, hukaa juu ya beringi mbili, ya ndani na ya nje, zenye rola zinazopungua unene kuelekea upande mmoja. Muundo huo ulipewa hataza nchini Marekani mwaka 1898 kwa jina la Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi wa St. Louis, akiwa pamoja na mpwa wake, na ubora wake ni kwamba hubeba kwa wakati mmoja uzito unaokandamiza kutoka juu na msukumo wa pembeni unaotokea gari linapokata kona. Kila beringi ina sehemu mbili zinazoachana: koni, ambayo ni pete ya ndani pamoja na rola zake, na kikombe, ambacho ni pete ya nje iliyobanwa ndani ya habu.

Adui mkubwa wa beringi hizi ni maji, na namna yanavyoingia inastahili kueleweka na kila dereva anayevuka mito wakati wa masika. Habu iliyopata joto baada ya safari ndefu hupozwa ghafla inapozama majini, hewa iliyomo ndani yake hunywea, na mnyweo huo huvuta maji na matope kupita kwenye sili, yaani pete ya mpira inayozuia grisi isitoke na uchafu usiingie. Sili iliyochoka haiwezi kuhimili mvuto huo, na grisi ikishachanganyika na maji hugeuka rangi ya maziwa, hupoteza nguvu ya kulainisha na kuacha kutu juu ya chuma ambacho kilipaswa kung'aa. Vumbi laini na mzigo uliozidi uwezo wa gari humalizia uharibifu uliokwisha kuanza.

Dalili ya kwanza ni mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyoongezeka na kubadilika gari linapokata kona. Kwa kuwa kona ya kulia huhamishia uzito upande wa kushoto, mvumo unaozidi katika kona hiyo huelekeza shaka kwenye beringi za kushoto. Gurudumu likiinuliwa kwa jeki na gari likategemezwa kwa stendi imara, fundi hulishika juu na chini na kulitikisa. Likicheza, huangalia kwanza kama si viungo vya usukani vilivyolegea.

Habu inapofunguliwa, koni ya zamani huoshwa na kukaguliwa, kwani alama zake hueleza chanzo cha kifo chake: rangi ya bluu ni ushahidi wa joto kali, madoa meusi ni ya maji, na vipande vilivyobanduka juu ya njia ya rola ni vya uchovu wa chuma. Kuweka koni mpya ndani ya kikombe cha zamani ili kuokoa muda ni kosa lisilokubalika, kwa sababu nyuso hizo mbili huchakaa pamoja na kasoro ya moja huhamia kwa nyingine. Kikombe hutolewa kwa fimbo ya shaba laini inayogongwa upande huu na upande ule kwa zamu ili kisikae mshazari, na kipya kinapofika mwisho wa kiti chake mlio wa nyundo hubadilika, ukawa mzito na mfupi. Grisi, kwa kawaida ya lithiamu ya daraja namba 2, hushindiliwa kwa kiganja kutoka upande mpana wa koni hadi itokeze upande mwembamba kati ya rola. Kuipaka juu juu tu ni sawa na kutoipaka. Sili huwekwa mpya daima.

Hata hivyo, kinachoamua umri wa kazi yote ni nati ya kurekebishia, inayohitaji boksi spana ya milimita 54 na ambayo katika gereji nyingi hufunguliwa na kukazwa kwa tindo na nyundo. Nati hiyo hukazwa kwanza kwa nguvu huku habu ikizungushwa pande zote mbili ili rola zikae mahali pake, kisha hulegezwa, ndipo hukazwa tena kidogo hadi ufikiwe mkazo wa awali, yaani mbano mdogo unaoondoa mchezo wote bila kuzuia mzunguko, ambao hupimwa kwa mizani ya springi iliyonaswa kwenye skrubu ya gurudumu. Mkazo ukizidi, beringi huungua. Ukipungua, rola hugonga kikombe. Baada ya hapo huja washa ya kufungia na nati ya pili, na kipimo hurudiwa kabla ya kingo za washa kukunjwa, kwa kuwa nati ya pili huongeza mbano.

Mmiliki wa pikapu, basi, asitosheke na kuuliza bei ya beringi. Adai koni na vikombe vyake, adai sili mpya, asimame karibu wakati nati inapimwa, na alirudishe gari likaguliwe baada ya kilomita mia chache, kabla halijapakiwa mzigo wa safari ndefu.