Dedha: Baraza la Malisho la Waborana

Kila kijiji kina vyama vyake. Huko Korbesa, pande za Merti katika Kaunti ya Isiolo, chama kikuu cha wafugaji si cha biashara wala cha michezo. Jina lake ni dedha, nalo ni baraza la wazee wa Kiborana wenye amri juu ya malisho.

Wazee hao wameigawa nchi kwa majira: yapo malisho ya masika, yapo ya kiangazi, na yapo ya akiba yasiyoguswa mpaka ukame uzidi. Mvua ikinyesha, mifugo hupelekwa mbali na mto Ewaso Nyiro ili majani ya karibu na maji yapate kukua. Visima navyo vina msimamizi wake, aba herega, apangaye zamu za kunywesha. Mwenye kuivunja zamu hutozwa faini. Mgeni hakatazwi, ila sharti aombe kwanza, na huo kwa kweli ni uungwana tu.

Lakini amri hii ina nguvu maadamu inatiiwa. Mmoja akiingiza ng'ombe katika akiba kabla ya wakati, njaa itawapata wote. Tena mwaka 2020 hadi 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, na wafugaji wengi wa kaskazini mwa Kenya walipoteza mifugo.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yaipa jamii iliyoandikishwa ruhusa ya kujitungia kanuni za ardhi yake. Basi amri za dedha zaweza kuandikwa humo, zikasomwa hata mbele ya hakimu.