Mshale hauendi unapolenga? Kagua mambo haya

Warundi huuita umuheto. Ndugu waliovuka ziwa kutoka Fizi huuita upinde. Kama mishale yako inakosa shabaha, usiongeze nguvu. Simama hatua kumi kutoka kwenye shabaha, piga mishale mitano kwa namna ileile, kisha utazame ilipotua.

Imetua pamoja, lakini pembeni: kagua upinde. Kamba ipite katikati ya mti. Nafasi kati ya mshikio na kamba iwe kama ngumi yenye kidole gumba kilichoinuliwa. Ikipungua, sokota kamba zaidi ili ifupike.

Imetawanyika: mishale ilingane kwa urefu, uzito na ugumu, kisha rekebisha mwili. Simama ubavu, miguu ipanuke kama mabega. Vuta kamba hadi pembe ya mdomo, kila mara palepale. Achia vidole taratibu, na usishushe mkono wa upinde kabla mshale haujagonga.

Usiachie kamba bila mshale, mti unaweza kupasuka. Ukimaliza, fungua kamba na uhifadhi upinde pakavu, kwa sababu unyevu wa ziwa huudhoofisha mti.

Usalama: nyuma ya shabaha pawe na ukingo wa udongo, si njia wala nyumba. Watoto wakae nyuma yako. Usiingie na upinde katika misitu ya Kigwena na Rumonge-Vyanda. Ni hifadhi, uwindaji umekatazwa. Mjulishe pia kiongozi wa mtaa mapema: aliyekimbia vita hushtuka akiona silaha njiani.