Mgongo unauma, usingizi umekimbia: jaribuni yoga ya polepole

Mchimbaji wa Misisi akitoka shimoni jioni, mwili unatoka lakini kichwa kinabaki chini. Shingo imekaza kama mti, na usiku kelele kidogo tu inamshtua. Mama wenye kutwanga mawe nao wanajua maumivu ya mabega. Wengi wanatafuta usingizi ndani ya kanyanga. Lakini kuna njia ingine, na haiombi hata franga moja.

Ni yoga ya polepole. Ilizaliwa India zamani sana, lakini imeshafika karibu na sisi: Africa Yoga Project ilianza Nairobi mwaka 2007, ikafundisha vijana wa mitaani kuwa walimu. Na mwaka 2017 shirika la madaktari wa Marekani, American College of Physicians, liliweka yoga kati ya vitu vya kujaribu mbele ya dawa, kama mgongo unauma muda mrefu.

Namna ya kufanya

Tandika mkeka mahali pa hewa safi, mbali na pale wanapochoma dhahabu. Lala chali, miguu juu ya kiti. Weka mkono juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, toa polepole ukihesabu 6. Kisha kaza ngumi sekunde 5, achilia. Fanya vile na mabega, tumbo, miguu. Dakika 10 zinatosha. Pumzi ikitoka polepole, moyo nao unapunguza mbio, na mwili unaelewa kama hatari imepita. Ukisikia maumivu makali, acha.

Na «nguvu za mikono»?

Kuna pia reiki, iliyoanzishwa Japani na Mikao Usui mwaka 1922. Mtu anaweka mikono juu yako, anasema anakupitishia nguvu. Kulala kimya na kuguswa kwa upole kunaweza kutuliza kweli. Lakini sayansi haijaona hiyo nguvu yenyewe. Basi usiuze mbuzi kwa ajili yake, na usiache dawa za kifua kikuu kwa sababu mtu amekuahidi mikono yake.

Usichanganye uchovu na ugonjwa

Mikono ikitetemeka, inaweza kuwa zebaki. Kikohozi kikipita wiki 2, inaweza kuwa kifua kikuu ao vumbi la mawe ndani ya mapafu. Hapo mkeka hautoshi: uende hospitali, Baraka ao Fizi, na useme wazi kazi unayofanya.

Kwa mengine, jaribuni siku 7, baba na mama pamoja, mbele ya kulala. Watoto watacheka siku ya kwanza. Siku ya tatu watalala nanyi kwenye mkeka.