Ameshiba, au tumbo limejaa tu?

Mama, unaposema "mwanangu ameshiba", umejuaje? Wengi hunijibu, "Nesi, tumbo si unaliona?" Tuanze na neno lenyewe.

"Kushiba" tumelipata kutoka Kiarabu, kwenye neno shabi'a, yaani kula mpaka ukatosheka. Majirani zetu wana maneno yao ya Kibantu: Waganda husema okukkuta, Wanyarwanda guhaga. Waswahili walilichukua la Kiarabu wakalitumia hata pasipo chakula, ndiyo maana tunao marafiki wa kushibana. Shibe, basi, ni kutosheka. Kujaa ni jambo lingine. Ndoo hujaa maji, lakini hakuna anayesema ndoo imeshiba.

Tumbo la mtoto nalo hujaa upesi. Mwenye kilo 8 hubeba kama mililita 240 kwa mlo mmoja, karibu sawa na kikombe cha chai. Ukikijaza kikombe hicho uji mwepesi, sehemu kubwa ni maji. Atanyamaza, pengine atalala, na baada ya muda mfupi atalia tena. Wewe utasema ana deko, kumbe ana njaa. Chota uji kwa kijiko, kisha kiinamishe: ukimiminika kama maji, ni mwepesi mno. Upike mzito, uongeze karanga zilizosagwa, unga wa dagaa, yai lililoiva vizuri au kijiko cha mafuta. Kikombe ni kilekile, shibe ni tofauti. Chai ya rangi kabla ya chakula iache kabisa. Inajaza tumbo na inazuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Kuanzia miezi 6 hadi 8 mpe milo 2 au 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 milo 3 au 4, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Aliye chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama peke yake. Huyu akishiba huachia titi mwenyewe, ngumi zinafunguka, mikono inalegea. Akiwa na njaa hunyonya vidole na kugeuza kichwa akitafuta titi. Kilio huja mwisho, usikisubiri.

Anayekula naye husema kwa mwili wake. Anageuza uso, anafumba mdomo, anasukuma kijiko. Pumzika kidogo, mjaribu tena kwa upole. Akikataa, mwache. Ile desturi ya kumlaza mtoto na kummiminia uji kwa kiganja sikubaliani nayo hata kidogo, hata kama bibi aliwalea kumi hivyo. Uji unaweza kuingia kwenye mapafu.

Pengine hakushiba, amekinai. Neno hili nalo ni la Kiarabu, na kwao asili yake ni kuridhika. Sisi tumelifikisha hadi kuchoshwa na kitu. Mtoto aliyekula uji uleule asubuhi, mchana na jioni ana haki ya kukinai. Mpondee ndizi, viazi au maharage uone.

Lakini mtoto anayekataa kila chakula, siku baada ya siku, usiseme ameshiba. Huenda ana homa, vidonda mdomoni, au utapiamlo wenyewe umemwondolea hamu ya kula. Tumbo kubwa pia lisikudanganye. Bonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba, uhesabu sekunde tatu. Vishimo vikibaki, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Fanya hivyo pia kama ana umri wa miezi 6 hadi 59 na utepe wa kupimia mkono umeonyesha nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5. Usingoje tarehe ya kliniki.