KIFARANSA CHA KAZI: TUSITIE SAHIHI TUSICHOKIELEWA

Ndugu wafanyakazi,

Kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac tunavuna michikichi, tunakamua mawese, na tunasemezana kwa Kirundi na Kiswahili. Lakini karatasi za kazi mara nyingi zinakuja kwa Kifaransa. Chini ya mkataba mfanyakazi huambiwa aandike kwa mkono wake maneno haya: «lu et approuvé». Maana yake ni «nimesoma na nimekubali». Wengi wetu huyanakili herufi kwa herufi, kama mtu anayechora picha, kisha hutia sahihi. Siku ugomvi ukitokea, tunaonyeshwa mwandiko wetu wenyewe.

Kwa hiyo tunahimiza madarasa ya jioni ya Kifaransa kwa wale wanaoanza kabisa. Jambo hili linawagusa zaidi ndugu zetu waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, pamoja na watoto wao waliozaliwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kuanzia mwaka 2008 maelfu yao walirudi nyumbani wakijua Kiswahili safi, na wengine Kiingereza cha shule, lakini Kifaransa hawakukijua. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 2014 ilikifanya Kiingereza pia kuwa lugha rasmi ya Burundi. Hata hivyo, Kiingereza hakimsaidii mtu aliyeshika mkataba wa Kifaransa.

Wako wanaosema mtu mzima hawezi kuanza lugha ya mbali. Na tuwatazame wenzetu wa Malindi na Watamu, pwani ya Kenya. Huko wageni wengi hutoka Italia, na wahudumu wa hoteli, wapishi na wachuuzi wamejifunza Kitaliano kwa sababu ndicho kinachowapa riziki. Kitaliano na Kifaransa ni ndugu wa tumbo moja. Mama yao ni Kilatini. Mshahara kwa Mtaliano ni «salario», kwa Mfaransa ni «salaire».

Tofauti ni kwamba Kitaliano husomwa karibu kama kinavyoandikwa, mfano wa Kiswahili chetu. Kifaransa huficha herufi. «Mois», yaani mwezi, husomwa «mwa». «Contrat», yaani mkataba, t ya mwisho haisikiki. Basi anayeanza atangulize sikio: mwalimu atamke, darasa lijibu kwa pamoja, ndipo neno liandikwe ubaoni.

Tunashauri pia somo la kwanza litoke kwenye karatasi ya mshahara. «Brut» ni mshahara kabla ya makato. «Retenue» ni makato. «Net» ni fedha utakazopokea mkononi. «Heures supplémentaires» ni saa za ziada. INSS ni shirika la hifadhi ya jamii linalopokea michango ya pensheni. Mwenye kuyajua maneno haya machache anaweza kuuliza fedha zake zimekatwa kwa sababu gani.

Saa ya darasa ipangwe pamoja na akina mama, maana wao wakitoka kazini jiko linawangoja. Waliokaa Tanzania wanakumbuka kwamba mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee walikaa kwenye madawati bila haya.

Wakati tunaendelea kujifunza, mtu asitie sahihi kabla ya kusomewa na kufafanuliwa na mwenzake anayemwamini. Tena adai nakala yake. Mkono unaoandika «nimesoma» na uwe wa mtu aliyesoma kweli.

Umoja ni nguvu!